Hesabu Pumzi za Mwanao Kabla ya Kushika Foleni

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikikaa mtaa wa Area 47 mjini Lilongwe, nchini Malawi, jirani yangu, mama mwenye asili ya Kivu, alinibishia hodi alfajiri. Mgongoni alikuwa na mwanawe wa miezi minane. "Mwalimu," aliniambia, "mtoto amekesha na kikohozi na homa. Naomba unisindikize zahanati, maana Kichewa changu ni cha sokoni tu."

Tulikuta watu wapatao arobaini wamekwisha kutangulia. Tukakaa mwisho wa benchi. Mama alimfunika mtoto kwa vitenge viwili, na kwa kuwa hakuwa akilia, tulishukuru kwamba amepata usingizi. Zikapita dakika 50. Ndipo muuguzi mmoja wa makamo alipopita karibu yetu, akasimama, akafunua vitenge, akakitazama kifua cha mtoto huku akiiangalia saa yake. Dakika moja ilipotimia alitaja hesabu: pumzi 68. Hakusema neno jingine. Alimnyakua mtoto akaingia naye ndani mbele ya watu wote. Ilikuwa nimonia. Mtoto aliwekewa oksijeni, akapewa dawa, na kwa bahati njema akapona.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha na fadhaa pamoja. Nimesomea ualimu, na nimewafundisha watoto wa watu kuhesabu. Siku ile nilikuwa na saa mkononi, na kwa dakika 50 sikuhesabu kitu. Makala haya yameandikwa ili mzazi mwingine asifanye kosa kama langu.

HESABU HAIHITAJI MKALIMANI

Kilomita 40 na zaidi kutoka Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Zamani mahali hapo palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makao ya watu waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kambi iliyokusudiwa watu kiasi cha 10,000 hadi 12,000 imekuja kubeba zaidi ya 50,000. Kituo chake cha afya huwahudumia pia Wamalawi wa vijiji jirani, na mgonjwa aliyezidiwa huweza kupelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa, au Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe.

Hapo benchi moja hukaliwa na wasemaji wa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kichewa. Hata maneno yanayofanana huweza kupotosha. Mswahili akisema "moyo" hukusudia kiungo kinachodunda kifuani. Mchewa husikia "uhai", kwani kiungo hicho yeye hukiita "mtima". Lakini pumzi 68 ni 68 kwa kila lugha, na mama anayeweza kuitaja hesabu hiyo mlangoni amekwisha kueleza nusu ya ugonjwa.

JINSI YA KUPIMA

Waganga huzitazama kwanza dalili za uhai, yaani pumzi, mapigo ya moyo, joto la mwili na shinikizo la damu. Tatu za mwanzo zaweza kupimwa nyumbani.

Pumzi. Ngoja mtoto atulie. Asiwe analia wala kunyonya. Funua kifua chake. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, kwani watoto wachanga hupumua bila mpango, na robo ya dakika huweza kudanganya. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20. Kadhalika, ukiona sehemu ya chini ya kifua cha mtoto inabonyea ndani kila avutapo pumzi, usingoje hesabu, nenda hospitali.

Mapigo ya moyo. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba. Usitumie gumba, maana nalo lina mapigo yake. Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo 60 hadi 100 kwa dakika ni ya kawaida. Askari aliyezoea mazoezi huweza kuwa na machache kuliko hayo akiwa mzima kabisa. Mapigo ya watoto huwa ya kasi zaidi.

Joto. Weka kipimajoto kwapani. Nyuzi 37.5 au zaidi ni homa. Katika nchi zetu homa hutaka kipimo cha malaria upesi. Si busara kukisia dawa nyumbani. Mtoto mchanga aliyepoa mwili isivyo kawaida naye yu hatarini.

Shinikizo la damu hutaka chombo, ambacho mshipi wake wa mkononi tunaupata kwa Mwitaliano Riva-Rocci tangu mwaka 1896. Siku hizi kipo pia kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni katika damu; kikionyesha chini ya 90 kwa mia, mgonjwa huhitaji kuongezewa oksijeni.

NANI ATANGULIE?

Jambo hili wasomaji wetu walio jeshini watalielewa upesi. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, alitaka majeruhi watibiwe kwa ukubwa wa majeraha yao, bila kutazama cheo.

Malawi yenyewe imetoa ushahidi kwamba utaratibu huo huokoa watoto. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Daktari Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga upya mapokezi ya watoto mwaka 2001, ili waliozidiwa watambuliwe mara wafikapo na kutibiwa papo hapo. Kabla ya hapo, katika kila watoto 100 waliolazwa walikuwa wakifariki 10 hadi 18. Baada yake walifariki 6 hadi 8. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mafunzo cha utaratibu wa namna hiyo kwa wauguzi na waganga.

Mtoto asikae foleni kamwe akiwa na mojawapo ya haya: anapumua kwa shida kubwa, au ulimi wake umegeuka buluu, mikono ni baridi, na ukiubana ukucha kisha ukauachia, wekundu wake unachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, amepoteza fahamu, ana degedege, au ameharisha hadi macho yamedidimia, amelegea, na ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi.

Tambueni pia, akina mama, kwamba mtoto anayelia sana ana nguvu za kulia. Aliyenyamaza, asiyetaka kunyonya wala kucheza, ndiye wa kutazamwa kwanza. Msimfunike uso na kifua akawa haonekani.

Baba aendaye lindo au safari ya kikazi aache nyumbani saa yenye mshale wa sekunde, na mama ajizoeze kuhesabu mtoto akiwa mzima, ili siku ya ugonjwa asibabaike. Aandike hesabu na wakati wake kwenye karatasi, na afikapo amwendee muuguzi moja kwa moja, kwa adabu, kabla ya kuketi. Nasi wengine wenye kikohozi chepesi, tukiombwa kupisha, tupishe bila manung'uniko. Dakika 50 tulizokaa mimi na jirani yangu hazikuwa za kungojewa.