Jiko la Makaa Lisilale Ndani: Damu Yenyewe Inatueleza

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba hapa Chaka tunaijua. Mlima hauonekani siku nzima, na jioni jiko linaingizwa ndani. Tukitembelea jumuiya ndogo ndogo tumekuta jiko karibu na kitanda cha watoto, na dirisha limezibwa kwa gunia. Tukiuliza tunajibiwa, "Makaa yameshika vizuri, hayana moshi. Ubaya uko wapi?"

Tuanze na damu. Mwili hutumia oksijeni na kutoa takataka, yaani hewa ya kaboni dayoksaidi. Damu huibeba hadi mapafuni kwa njia tatu:

1. Kidogo, kama asilimia 7 hadi 10, huyeyuka katika maji ya damu, kama ile gesi ya soda.

2. Kama asilimia 20 hushikana na himoglobini, kile kitu kinachofanya damu iwe nyekundu. Lakini haikalii kiti cha oksijeni. Hushika mahali pengine.

3. Iliyobaki, kama asilimia 70, huungana na maji ndani ya chembe nyekundu na kugeuka bikaboneti. Ikifika mapafuni hurudi kuwa hewa, nasi tunaitoa nje.

Hewa hii pia ni mlinzi. Jaribu kuziba pumzi: inazidi katika damu, na ubongo unakulazimisha upumue.

Sasa, makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hii hunyang'anya oksijeni kiti chake kabisa, na hukishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwili unakosa oksijeni, lakini yule mlinzi haamki mapema. Mtu anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika. Anafikiri ni uchovu tu, analala. Wengine hawaamki tena.

Kwa hivyo tukumbuke:

- Jiko liwashwe nje. Likiingia ndani, dirisha au mlango ubaki wazi.

- Kabla ya kulala, jiko litolewe nje, hata kama makaa yamebaki kidogo.

- Sufuria ya maji juu ya jiko haiondoi gesi hii.

- Ukimkuta mtu amezirai, fungua mlango, mtoe nje upesi, mpeleke hospitali, na useme wazi kuwa ni jiko. Katika hewa ya kawaida gesi huchukua kama saa 4 au 5 kupungua nusu. Akipewa oksijeni ya hospitali ni kama saa 1 na kidogo.

Hatumlaumu mama aliyepanga chumba kimoja na watoto wanatetemeka. Lakini jumuiya inaweza kumtafutia blanketi. Jirani, leo jioni ukitoa jiko lako nje, bisha hodi pale kando uulize: na lenu limetoka?