MAWIMBI YA TSUNAMI: ONYO LA BAHARI YAFAA TULIJUE

Tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Krismasi, ardhi ilitetemeka kwa nguvu nyingi mno chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra katika nchi ya Indonesia. Kwa saa za Kenya ilikuwa yapata saa kumi za alfajiri, na wengi wetu tulikuwa tungali usingizini. Kwa ajili ya tetemeko hilo, watu wapatao 230,000 katika nchi 14 walikufa au hawakuonekana tena. Bahari iliyowaua ni hii hii Bahari ya Hindi ipigayo fukwe za Mombasa na Lamu. Kwa hiyo ni vyema kila mtu, akiwa wa pwani au wa bara, afahamu jinsi msiba huu unavyotokea, na jinsi ya kuokoa nafsi yake.

JINSI INAVYOTOKEA

Ardhi tunayoikanyaga si kitu kimoja kizima. Gamba lake limegawanyika katika mabamba makubwa, mfano wa vigae vya chungu kilichopasuka, na mabamba hayo husogea polepole, sentimita chache tu kila mwaka. Karibu na Sumatra bamba moja huingia chini ya lingine. Mahali yanapokwama, nguvu hukusanyika miaka mingi, kama upinde unaozidi kuvutwa. Siku ile upinde uliachiwa. Ufa ulipasuka chini ya bahari kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, ambao ni karibu na safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Kampala. Sakafu ya bahari iliinuka ghafula, ikayainua na maji yote yaliyokuwa juu yake. Maji hayo yalipoanguka, yakaenda pande zote.

Neno tsunami ni la Kijapani, na maana yake ni wimbi la bandarini. Jina hilo lafaa sana. Wimbi la kawaida husukumwa na upepo, na huchafua uso wa maji tu. Lakini tsunami ni mwendo wa maji yote, tangu sakafuni hata juu. Katika kilindi wimbi hili huwa chini ya mita moja, wala nahodha wa jahazi hatalitambua likipita chini yake, ijapokuwa laenda kwa kasi ya kilomita 700 au zaidi kwa saa, kama ndege. Likikaribia ufuo, ambapo maji ni haba, mbele hupunguza mwendo na nyuma huzidi kusukuma. Ndipo maji hujikusanya na kuinuka. Katika sehemu za Aceh, kaskazini ya Sumatra, yalifika kimo cha mita 30.

UHARIBIFU WAKE

Wimbi hili halivunjiki ufuoni na kurudi mara moja. Huingia kama mafuriko na kuendelea kuingia kwa dakika nyingi, likibeba magogo, mashua, magari na kuta za nyumba, na vitu hivyo pia huua watu. Kisha hurudi baharini kwa nguvu ile ile, likiwachukua walionusurika kwanza. Tena si wimbi moja: huja mengi, kwa saa kadhaa, na la kwanza pengine silo kubwa. Yakiisha kupita, visima huwa na maji ya chumvi, mashamba hayaoti, na mvuvi hana chombo wala wavu.

Katika Sri Lanka, ambako mawimbi yalifika baada ya saa mbili hivi, watu zaidi ya 30,000 walikufa. Yaliendelea kuja upande wetu. Somalia yalifika baada ya saa saba hivi, yakaua watu karibu 300, wengi wao katika pwani ya Hafun. Tanzania walikufa watu wapatao 10. Kenya alikufa mtu mmoja.

Kwa nini Kenya ilisalimika hivyo? Sababu si moja, kwa maana mawimbi yalikuwa yamepungua nguvu. Lakini pia habari zilitangulia kufika, na watu wakaamriwa kuondoka fukweni. Wakati ule Bahari ya Hindi haikuwa na mpango wa kupeana maonyo, ingawa Bahari ya Pasifiki ilikuwa nao tangu 1949. Mpango wa bahari yetu ulianza kazi kamili mwaka 2011.

MAFUNZO YA WAZEE

Hata hivyo, kuna watu waliookoka pasipo mtambo wala redio. Kisiwa cha Simeulue kiko karibu sana na mahali tetemeko lilipoanzia, na maji yaliwafikia katika dakika chache. Mwaka 1907 wimbi kama hilo lilikuwa limeua watu wengi huko, na wazee wakawaachia watoto wao neno moja, smong, pamoja na agizo: ardhi ikitetemeka sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Mwaka 2004 walilitii. Katika watu wapatao 78,000 walikufa 7 tu. Mahali pengine watu walipoona bahari imekauka walishuka kuokota samaki, na maji yakawakuta huko.

Basi, ndugu msomaji, yashike haya. Ukiwa pwani ukasikia ardhi ikitetemeka kwa nguvu au kwa muda mrefu, au ukaona maji yakitoka ghafula wakati usio wa kupwa, au ukasikia ngurumo kubwa kutoka baharini, usingoje amri. Nenda mahali palipoinuka, au mbali na ufuo. Usirudi kutafuta mali. Kaa huko mpaka wakuu watangaze kwamba hatari imekwisha. Kumbuka pia kwamba wimbi litokalo mbali, kama lile la Sumatra, laweza kufika bila wewe kusikia tetemeko lolote, wala bahari kurudi nyuma kwanza. Kwa hiyo tangazo la hatari likitolewa, litii mara moja. Na jioni ya leo, waeleze watoto wako habari hizi.