Kijiti Mkononi mwa Mzazi: Hofu za Kumpima Mtoto VVU Nyumbani

Kijiti cha kupimia Virusi vya Ukimwi kwa majimaji ya fizi hakizidi urefu wa kalamu. Hakina sindano wala hakitoi damu, na mtoto wa darasa la pili akipanguswa nacho fizi za juu na za chini huenda akacheka tu kwa kutekenywa. Hata hivyo, kifaa hiki chepesi kinaweza kukaa kabatini wiki nzima bila kufunguliwa. Maelekezo yake si magumu. Mzazi anachelea jambo jingine: anajua kwamba jibu la mtoto, mara nyingi, litakuwa pia jibu lake yeye.

Hofu hiyo ina uzito wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022–2023 ulikadiria kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na virusi hivyo. Mkoani Njombe kiwango kilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Hizo ni takwimu za watu wazima, na wengi wao ni wazazi. Kila mama au baba anayeanza dawa katika kliniki ya tiba na matunzo, maarufu kama CTC, huulizwa na mtoa huduma kuhusu watoto wake: wako wangapi, wana umri gani, na nani kati yao amekwisha kupimwa. Hapo ndipo wengi huinamisha macho.

Wapo wanaoamini kuwa mtoto aliyefika umri wa kwenda shule bila kuugua sana hawezi kuwa na VVU. Imani hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake, nayo ndiyo inayoifanya iwe ya hatari. Ni kweli kwamba takriban nusu ya watoto wanaoambukizwa na mama zao hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili wasipopata dawa. Lakini waliobaki huishi, na baadhi yao hufika darasa la tatu, la tano, hata sekondari, virusi vikiendelea kuula mwili polepole. Mtoto wa namna hiyo hudumaa, hupata vichomi vya mara kwa mara, hutoka usaha masikioni, huvimba tezi za mashavu au huota vipele visivyokoma. Nyumbani husemwa kuwa ameirithi mifupa midogo ya ukoo, au kwamba baridi ya Makete haimpendi.

Imani nyingine hutokana na kadi ya kliniki. Mama alipimwa akiwa mjamzito, akaambiwa hana maambukizi, na tangu siku hiyo akaiweka kadi ile kama hati ya usalama wa mtoto. Kadi ile ilisema kweli kuhusu siku ile tu. Mama anayeambukizwa miezi kadhaa baadaye, akiwa ananyonyesha, ana virusi vingi sana katika damu na maziwa yake, na hatari ya kumwambukiza mtoto huwa kubwa kipindi hicho. Ndiyo maana mwongozo wa huduma hutaka mama arudie kupima. Mwanamke aliyejua hali yake mtoto akiwa na miaka saba hana njia ya kukisia ni lini alipata maambukizi. Mtoto lazima apimwe.

Kwa nini basi asipelekwe kituoni? Wengi hupelekwa, na huko bado ndiko mahali pa kwanza pa kumpima mtoto. Lakini mchuma chai wa Mufindi au muuza viazi wa Uyole hupoteza kipato cha siku nzima kwa safari moja, na mtoto hukosa masomo. Isitoshe, kwenye foleni kuna majirani. Kwa sababu hizo, watoa huduma kwa miaka mingi wamekuwa wakizifuata familia majumbani, na sasa kijiti cha fizi kimeongeza njia nyingine, ya mzazi aliyeelekezwa kumpangusa mtoto mwenyewe. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu Watanzania kujipima na kushusha umri wa kuridhia kupimwa bila mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kwa mtoto aliye chini ya hapo, ridhaa ni ya mzazi au mlezi.

Swali la kwanza la wazazi wengi huhusu mate. Kama virusi vinapimwa kinywani, je, havitapita kwenye kikombe, kwenye peremende inayogawanywa darasani, kwenye busu la bibi? Mtoa huduma asilipuuze swali hili, kwa kuwa kijiti kilichotolewa bila maelezo kinaweza kuzaa unyanyapaa ambao hapo awali haukuwapo. Kijiti hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kupambana navyo, na askari hao hupatikana pia katika majimaji yanayotoka kwenye fizi. VVU haviambukizwi kwa mate. Kwa sababu hiyo hiyo kijiti hakifai kwa mtoto aliye chini ya miezi 18, ambaye bado anaweza kuwa na kingamwili za mama yake. Huyo hupimwa damu kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Wala hakifai kwa mtoto ambaye tayari anatumia dawa, kwani kinaweza kumdanganya mzazi kuwa amepona.

Linalofuata ni usahihi. Watafiti waliolinganisha kipimo cha fizi na kipimo cha damu kwa watoto wa miezi 18 hadi miaka 18 nchini Kenya na Zimbabwe waliona kuwa majibu yanakubaliana kwa kiwango cha juu sana. Pamoja na hayo, kijiti ni chujio tu. Mistari miwili haimaanishi kwamba mtoto ana VVU. Inamaanisha kwamba anahitaji kupimwa damu kituoni, na hakuna dawa inayoanzishwa kabla ya hapo. Utaratibu nao una masharti: mtoto asile wala kunywa kwa dakika 15 kabla, asiwe amepiga mswaki nusu saa iliyotangulia, na jibu, kwa aina inayotumika zaidi, lisomwe kati ya dakika ya 20 na ya 40. Mstari unaojitokeza kesho yake asubuhi hauna maana yoyote.

Saa ya kupima ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mzazi hungoja usiku, watoto wengine wamelala, taa imepunguzwa, ili asionekane. Mistari miwili ikitokea saa nne za usiku, hana wa kumuuliza hadi kuche, na ikiwa ni Ijumaa atakaa na jambo hilo hadi Jumatatu. Afadhali apime asubuhi ya siku ambayo zahanati iko wazi, akiwa na namba ya simu ya mtoa huduma aliyemkabidhi kifaa. Mtoa huduma naye asikitoe kifaa kabla ya kuuliza nani mwingine nyumbani anajua hali ya mzazi. Mama ambaye mume hajui, naye anahofia kipigo au kufukuzwa, asipewe mzigo huo aende nao nyumbani. Mtoto wake apimwe kliniki, kimyakimya, katika ziara ya kawaida, na suala la kumweleza mume lipangiwe siku yake na mshauri nasaha.

Bibi anayelea wajukuu ana hofu ya namna yake. Huenda anajua binti yake aliugua nini, na ameitunza siri hiyo tangu mazishi. Au hajui, naye hataki kuambiwa na kijiti. Macho nayo hayaoni vema mstari uliofifia. Nyumba kama hizo ndizo zinazohitaji mhudumu wa afya ya jamii afike mwenyewe, akae kitini na asubiri dakika 20 pamoja na bibi.

Kuhusu mtoto, hofu kubwa ni mdomo wake. Mtoto wa miaka minane atasimulia shuleni alichofanyiwa, na mzazi hushawishika kumwambia kuwa ni dawa ya meno. Uongo huo mtoto huukumbuka baadaye, siku anapotakiwa kumwamini mzazi kuhusu kidonge. Maneno mafupi ya kweli yanatosha: tunaangalia kama mwili wako una ugonjwa unaohitaji dawa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, lilishauri watoto wa umri wa shule waelezwe hali zao kulingana na uelewa wao. Shule haina haki ya kudai jibu hilo. Sheria ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu na inakataza kumnyima mtu nafasi katika taasisi kwa sababu ya VVU.

Mtoto atakayethibitishwa kuwa na maambukizi huanza dawa mapema. Kwa wadogo zaidi, sasa kuna vidonge vya dolutegravir vinavyoyeyuka kwenye maji. Jijini Mbeya, kituo cha watoto cha Baylor kilifunguliwa mwaka 2011 mahususi kwa huduma hizi.

Lakini watoto wengi wataonyesha mstari mmoja. Mama anayeishi na VVU, ambaye mwanawe aliacha kunyonya zaidi ya miezi mitatu iliyopita na jibu lake ni hasi, hahitaji kumpima tena kila mwaka, isipokuwa litokee jambo jipya la kumweka hatarini. Wapo wanaowapangusa watoto kila muhula kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba inatosha.