Majani Makavu ya Sungura wa Nyumbani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Katika lugha ya sheria, mlaji ni mtu anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake. Katika biashara ya majani makavu ya sungura, walaji ni wawili: anayelipa na anayekula. Wa kwanza anaweza kudai risiti, kurudisha mzigo na kufika ofisini kwetu kulalamika. Wa pili hawezi. Sungura ni mnyama ambaye kwa asili yake huwindwa na wanyama wengine, hivyo huficha maumivu mpaka hali imekuwa mbaya. Ulinzi wake wote umo mikononi mwa mnunuzi, tena kabla fedha haijatoka mfukoni.

Mkazi mmoja wa Arusha, mama wa watoto wawili, alitueleza kisa chake. Alinunua robota la majani makavu ambalo kwa nje lilikuwa la kijani na la kupendeza. Alipokata kamba nyumbani, alikuta katikati majani meusi yaliyoshikamana. Aliyatupa yale meusi na kumpa sungura yaliyobaki. Siku ya tatu sungura aliacha kula, na siku ya nne alikufa. Muuzaji alimjibu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mama huyo hakuwa na risiti, wala sungura hakuwa amechunguzwa na daktari wa mifugo, hivyo hakuna aliyeweza kuthibitisha chanzo cha kifo.

Makala hii inaeleza yale ambayo yangemsaidia mama huyo siku ile alipokuwa bado sokoni. Imeandikwa kwa ajili ya familia zinazofuga sungura mmoja, wawili au watatu nyumbani, ambazo hununua robota moja kwa wakati na hazina uzoefu wa mfugaji mkubwa wa ng'ombe.

Kwa nini majani makavu ndiyo chakula kikuu

Watu wengi hudhani kwamba chakula cha sungura ni karoti. Karoti ina sukari nyingi, na inafaa kutolewa kipande kidogo tu, mara mojamoja. Chakula kinachopaswa kuwapo mbele ya sungura mkubwa usiku na mchana ni nyasi, mbichi au zilizokaushwa. Nyasi hizo zilizokaushwa ndizo wafugaji huziita hei. Wataalamu hushauri zichukue takriban asilimia 80 au zaidi ya chakula chake. Sehemu inayobaki iwe mboga za majani na kiasi kidogo cha peleti.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni meno. Meno ya sungura huota maisha yake yote, ya mbele na ya nyuma. Kinachoyapunguza ni kusagana kwa muda mrefu wakati wa kutafuna majani yenye nyuzinyuzi. Sungura anayelishwa peleti na mboga laini pekee hushiba upesi bila kutafuna vya kutosha. Meno hurefuka, yakachoma ulimi na mashavu, na mwishowe hushindwa kula.

Ya pili ni tumbo. Nyuzinyuzi ndizo zinazolisukuma tumbo la sungura lifanye kazi bila kusimama. Zikipungua, mwendo wa chakula hupungua, hewa hujaa na maumivu huanza. Sungura hawezi kutapika. Kwa hiyo, sungura aliyekaa nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura, na asisubiri kesho kupelekwa kwa daktari wa mifugo.

Hei ya nyasi, lusini na mabua

Sokoni, vitu vitatu tofauti huuzwa kwa jina moja la "majani makavu". Mnunuzi anapaswa kuvitofautisha.

*Hei ya nyasi.* Hii ndiyo inayomfaa sungura mkubwa kila siku. Katika nchi yetu inayopatikana zaidi ni ya nyasi za Rhodes, ambazo asili yake ni humu humu barani Afrika. Shina lake ni jembamba, na majani yake ni mengi na laini. Vitabu vingi vya kigeni humsifu sungura anayelishwa nyasi iitwayo timothi. Hiyo ni nyasi ya nchi za baridi. Mlaji hana sababu ya kuitafuta kwa gharama kubwa, kwa kuwa hei nzuri ya nyasi za hapa hufanya kazi ileile. Majani ya tembo, kwa upande wake, yana mashina manene yasiyokauka sawasawa. Ni nadra yatoe hei nzuri ya sungura.

*Lusini.* Huu ni mmea wa jamii ya mikunde. Una protini nyingi na madini mengi ya kalsiamu, hivyo humfaa sungura aliye chini ya miezi 6, mwenye mimba au anayenyonyesha. Kwa sungura mkubwa wa kawaida ni chakula kizito kupita kiasi. Mwili wa sungura hufyonza kalsiamu kwa kadiri inavyoliwa na kuitoa iliyozidi kupitia mkojo. Ikizidi sana, mkojo huwa mzito kama uji na mawe yanaweza kujengeka katika kibofu. Kwa kuwa lusini ni ghali kuliko nyasi, mlaji hushawishika kuamini kwamba ndiyo bora. Ubora wake unategemea umri na hali ya sungura, wala hauonekani katika bei.

*Mabua.* Haya ni mabaki ya mazao baada ya mavuno: mpunga, ngano au mahindi. Lishe yake ni ndogo. Yanafaa kutandikwa chini ya banda, lakini sungura anayelishwa hayo pekee atadhoofu huku sahani yake ikiwa imejaa. Mabua ya mpunga na ya ngano hutambulika kwa rangi ya njano, mashina yenye uwazi ndani na uchache wa majani. Rahisi huvunja upishi: robota la mabua la bei ya chini si nafuu iwapo lilinunuliwa kwa kudhaniwa ni hei.

Jihadhari na majina yanayofanana

Lusini isichanganywe na lusina. Lusina ni mti wa malisho unaopandwa na wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Majani yake yana kemikali iitwayo mimosini, ambayo ikiliwa kwa wingi huweza kumdhuru sungura, ikiwa ni pamoja na kumnyonyoa manyoya. Wanyama wanaocheua huweza kuwa na vijidudu tumboni vinavyoivunja kemikali hiyo. Sungura si mmoja wao.

Tofauti huonekana kwa macho. Majani ya lusini hukaa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Majani ya lusina ni madogo sana na yamepangwa kwa safu pande mbili, mfano wa unyoya wa ndege. Muuzaji akitaja jina, mwombe akuonyeshe jani.

Namna ya kulikagua robota

Mwombe muuzaji alifungue robota moja, au akuruhusu kuchomoa majani kutoka katikati. Muuzaji anayeijua bidhaa yake hatakataa. Kisha fuata hatua hizi:

1. *Tazama.* Hei nzuri ina rangi ya kijani au ya kijani iliyofifia. Upande wa nje ukiwa umepauka kwa jua si kasoro kubwa, mradi ndani kuna ukijani. Rangi ya kahawia iliyoiva au nyeusi ni dalili kwamba majani yalifungwa yakiwa na unyevu, yakapata joto.

2. *Nusa.* Harufu iwe ya nyasi, tamu kidogo. Harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu ni harufu ya ukungu.

3. *Ingiza mkono.* Katikati ya robota pawe pakavu na pasiwe na joto. Joto maana yake ni kwamba majani bado yanachacha.

4. *Pinda.* Chukua mashina machache uyasokote. Yakitoa unyevu au kunyongeka kama kamba bila kukatika, hayajakauka vizuri.

5. *Kung'uta.* Vumbi jingi, hasa la rangi nyeupe au kijivu, huashiria ukungu, na hudhuru mapafu ya sungura na ya anayemhudumia.

6. *Chambua.* Tafuta vipande vya plastiki, kamba, waya na magugu. Mranaha na lantana ni mimea yenye sumu. Robota lenye mimea hiyo liachwe.

Iwapo ukungu umeonekana sehemu moja, robota lote likataliwe. Kuondoa sehemu nyeusi na kutumia iliyobaki hakutoshi, kwa sababu mbegu za ukungu ni ndogo mno kuonekana na huwa zimesambaa tayari.

Uliza pia: "Majani haya yalikatwa lini?" Yaliyokatwa mvua zinapokoma, nyasi zikianza kutoa maua, huwa na lishe na hupata jua la kukaushia. Yaliyokatwa katikati ya masika yana hatari ya kufungwa na unyevu. Yaliyokatwa mwishoni mwa kiangazi, wakati nyasi zimekwisha kufa zikiwa zimesimama, hayatofautiani sana na mabua.

Tunashauri pia kutotumia majani yaliyokatwa kando ya barabara kuu au karibu na mashamba yaliyopuliziwa dawa. Vilevile majani mabichi yaliyofyekwa kwa mashine bustanini na kurundikwa huchacha upesi, na yasipewe sungura.

Linganisha bei kwa kilo

Marobota hayalingani. Moja huweza kuwa na kilo 10 na jingine kilo 15, yakiwa yamepangwa pamoja na kuonekana sawa. Mengine hufungwa kwa mashine na mengine kwa kasha la mbao, na ukazaji wa kamba hutofautiana.

Tuchukulie muuzaji wa kwanza anauza robota la kilo 10 kwa shilingi 5,000, na wa pili anauza la kilo 15 kwa shilingi 6,000. Kwa macho, wa kwanza ni nafuu. Kwa hesabu, wa kwanza anauza kilo moja kwa shilingi 500 na wa pili kwa shilingi 400. Omba robota lipimwe, kwa mizani iliyohakikiwa na kuwekwa alama na Wakala wa Vipimo.

Kadiria pia mahitaji yako. Sungura wawili wa kilo mbili mbili, pamoja na majani wanayoyamwaga na kuyakanyaga, huweza kutumia gramu 250 hivi kwa siku. Kwa kiasi hicho robota la kilo 15 hutosha siku 60. Kununua marobota matatu kwa sababu ya punguzo la bei kuna maana tu ikiwa unayo nafasi kavu ya kuyaweka kwa miezi sita.

Kuhifadhi na kubadilisha

Hei nzuri huharibika nyumbani ikiwekwa vibaya. Iweke juu ya chaga au mbao, isiguse sakafu wala ukuta, mahali penye kivuli na hewa. Usiifunge ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu hubaki ndani. Walio pwani waongeze uangalifu, na wanunue kidogo kidogo. Izuie pia isifikiwe na panya, kwa kuwa mkojo wao huichafua.

Ukibadilisha aina ya majani, changanya ya zamani na mapya kwa siku 7 hadi 10, ukiongeza mapya taratibu. Tumbo la sungura halipendi mabadiliko ya ghafla.

Ukiuziwa bidhaa isiyofaa

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Kuuza mabua kwa jina la hei, au lusina kwa jina la lusini, ni mfano wa upotoshaji huo. Maandishi ya ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi hayampi muuzaji ruhusa ya kudanganya.

Hata hivyo, haki huhitaji ushahidi. Dai risiti, na uombe iandikwe aina ya majani na uzito wake, badala ya neno "majani" peke yake. Ukikuta kasoro, usitupe mzigo: piga picha, tenga sehemu ya majani kama sampuli, na urudi kwa muuzaji mapema. Asipokubali kurekebisha, leta vielelezo hivyo katika ofisi yetu iliyo karibu nawe. Sungura akiugua, mpeleke kwa daktari wa mifugo na uombe maelezo ya maandishi.

Kwa muhtasari

- Sungura mkubwa: hei ya nyasi, wakati wote. Lusini ni ya wadogo, wenye mimba na wanaonyonyesha.
- Mabua ni ya kutandika.
- Fungua, nusa, gusa na ukung'ute kabla ya kulipa.
- Ukungu sehemu moja, robota lote likataliwe.
- Nunua kwa uzito, na udai risiti inayotaja aina ya majani.
- Sungura asiyekula kwa nusu siku apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Ukaguzi wote huu hauchukui zaidi ya dakika tano. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa nao, kwa kuwa kila mnunuzi anayekagua humsaidia kutofautishwa na asiye mwaminifu.