Suti ya Ofisini na Jua la Feri

Ukitaka kujua kama nguo ya ofisini imeshonwa vizuri, usiitazame dukani imevishwa sanamu. Njoo Feri, upande wa kisiwani, saa moja na nusu asubuhi mwezi wa Februari au Machi. Simama pale juu watu wanapomaliza kupanda kutoka majini. Utawaona wanawake wa benki, walimu, makarani wa bandarini, mabinti walio kazini kwa miezi mitatu ya majaribio. Wametoka nyumbani Likoni wamenyooka kama barua mpya. Wamesimama bandani bega kwa bega wakingoja feri, wamevuka, wamepanda ule mlima. Wakifika kwenye tuktuk, koti liko mkononi, blauzi imeshika mgongo, na kazi yenyewe haijaanza.

Mimi navuka hapo mwaka wa kumi na nne sasa, na nilidhani mambo haya kila mtu anayajua. Kumbe sivyo. Mwaka huu binti ya ndugu yangu alipata kazi katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Barua ilisema avae suti rasmi, nyeusi au buluu iliyoiva. Mtoto akakopa kwenye chama cha mamake shilingi 6,500, akanunua suti nyeusi ya kung'aa, koti na sketi ya kubana, bitana kuanzia ukosi hadi upindo. Wiki ya pili msimamizi wake akamwambia mbele ya wateja, "Wewe umekuja kazini au umetoka kuogelea?" Jioni akaja kwangu, akavua koti, akalitupa juu ya kiti. "Shangazi, mimi huko sirudi."

Nikalichukua lile koti. Lilikuwa zito kwa jasho, na kwapani pameshaanza kupiga weupe wa chumvi. Nikatazama kibandiko cha ndani: poliesta asilimia mia, na bitana poliesta vilevile. Nikamwambia kosa si lake wala si la mwili wake. Amevaa mfuko wa nailoni wenye vifungo.

Hebu niliseme hili kwa hesabu, maana wengi hufikiri joto ni joto tu. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Mombasa wakati wa kaskazi mchana hufika nyuzi 32 au 33, na hewa yenyewe imeshiba maji ya bahari, kwa hiyo jasho hukauka polepole hata ukiwa umevaa kanga moja. Sasa weka nguo juu yake. Gramu 100 za pamba kavu hushika unyevu wa hewa kiasi cha gramu 8. Kitani hushika kama 12, viskosi kama 13. Poliesta haifiki hata gramu moja. Maana yake jasho likitoka halina pa kwenda. Linabaki kati ya ngozi na kitambaa, na harufu inabaki nalo.

Lakini pamba nayo si malaika. Ikishalowa hukawia kukauka, na ile nzito ya jinzi au dangirizi itakuangusha vilevile. Unachotaka ni pamba nyepesi iliyofumwa wazi kidogo. Ichukue dukani uielekeze kwenye mwanga wa mlango: ukiona vitobo vidogo vya nuru, hewa itapita. Kitani ndicho mfalme wa hali hii yetu, ila hujikunja, na mwanamke wa ofisini huambiwa hakupiga pasi. Mimi hununua kitani kilichochanganywa na pamba au viskosi. Mikunjo hupungua na bei pia. Viskosi peke yake huanguka vizuri mwilini na ni baridi, lakini ikilowa hupoteza nguvu, basi mishono ya kubana usiitie. Na hili huwashangaza watu: sufu nyembamba sana, ile ya suti za wanaume wa kimataifa, huvumilia joto kuliko poliesta. Ghali tu.

Biashara Street usitegemee kibandiko, wala usitegemee kiapo cha muuzaji. Kila kitu pale ni "pamba, mama, pamba safi". Omba uzi mmoja wa pembeni, toka nje, uchome kwa kibiriti. Pamba na kitani hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu laini linalopukutika. Poliesta huyeyuka, hujikunja, na ikipoa huacha kishanga kigumu cheusi. Nimeshafanya hivyo mbele ya muuzaji aliyeniapia, akacheka mwenyewe, akateremsha jora jingine kutoka rafu ya juu.

Tukaenda kwa fundi wangu Kibokoni, mtu mzima, cherehani yake bado ya kukanyaga. Binti alitaka ashonewe kama picha aliyokuwa nayo kwenye simu, mwanamke wa London na koti lililomkaa kama ngozi. Fundi akaitazama ile picha, akasema, "Mwanangu, huyu hakupanda feri." Kisha akaanza kazi, na hapa ndipo nilitaka tufike, kwa sababu kitambaa kizuri kikikatwa vibaya ni hasara mbili.

Kwanza, kitambaa kiliwe maji kabla hakijakatwa. Pamba na kitani hurudi. Ukikishona kikavu, safisho la kwanza litakupa sketi ya mdogo wako. Kiloweke usiku mmoja, kianikwe kivulini, kipigwe pasi, ndipo futi ipite.

Pili ni bitana, na hapo ndipo pesa nyingi za makoti hupotea. Watu hununua koti la pamba lenye bitana ya poliesta nzima, wakashangaa kwa nini wanatokota. Ngozi haijui koti ni la nini, inajua kilichoigusa. Fundi hutia bitana mabegani na mikononi tu, mgongo mzima akauacha, mishono ya ndani akaizungushia utepe ili isifumuke. Mikononi kitambaa cha kuteleza kinafaa, la sivyo koti hugoma kuvalika juu ya blauzi. Mabegani mimi hutumia leso. Ndiyo, leso. Ni pamba, ni nyepesi, na moja iliyochakaa hutosha makoti mawili. Nina koti moja la buluu ambalo jina la leso limekaa sawasawa chini ya ukosi. Kila nikiitwa mkutanoni nakaa nimeegemea yale maneno, na hakuna ajuaye ila mimi na fundi.

Tatu ni nafasi. Binti alidhani nguo pana ni nguo ya mtu mzima. Lakini hewa ndiyo kipoza chetu cha bure, na lazima ipate njia. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanasayansi waliopima kwa nini Mabedui huvaa majoho meusi jangwani. Rangi nyeusi ilifyonza joto zaidi, kweli, lakini lile joto la ziada lilipotea kabla ya kufika kwenye ngozi, kwa kuwa nguo ni pana na hewa hupita chini yake. Mama zetu na mabuibui yao hawakungoja jarida. Basi koti likae sawa mabegani, kwa maana bega ndilo linalosema "hii imeshonwa". Kutoka hapo kwenda chini lipumue. Tundu la mkono lisipande juu kwapani wala lisishuke mno, maana likishuka sana kila ukishika chuma cha feri koti zima hunyanyuka. Sketi iwe na marinda mawili mbele au mpasuo nyuma. Suruali iwe pana kuanzia pajani, kiuno chake kikae juu. Kwa wanaojistiri, koti refu linalovuka nyonga lenye mipasuo miwili pembeni linafanya kazi zote mbili, na mtandio uwe wa pamba laini au viskosi. Shifoni ya poliesta shingoni, saa saba ya mchana, ni adhabu.

Rangi nayo ina siri. Jasho huonekana zaidi kwenye kijivu, samawati na kijani hafifu. Nyeupe, buluu iliyoiva na vitambaa vya michoro midogo huficha. Nyeusi huficha pia, ila chumvi ikikauka huiandika, kama ilivyoliandika lile koti la binti.

Gharama je? Kitambaa cha upana wa inchi 60, mita tatu zilitosha koti na sketi. Pamoja na ushonaji tulitumia pungufu ya alichokopa kununua ile ya dukani. Sisemi fundi ni rahisi kila mara. Mitumba ya pale barabarani ni rahisi zaidi, na kuna makoti mazuri ukijua kuchagua, lakini kumbuka mengi yalishonwa kwa ajili ya baridi ya watu wengine. Mkimpelekea fundi atoe bitana, mtapata koti jipya kwa bei ya chai na mahamri ya wiki.

Sasa neno langu kwa wakubwa wa ofisi, maana si haki mzigo wote tuwatwike mabinti. Sheria ya suti nzito hatukuizaa sisi. Hata Bungeni bado tunaishikilia: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku hata suti ya Kaunda, vazi lililobuniwa na kupendwa katika nchi za joto. Wajapani, ambao kwa urasmi hawana mpinzani, mwaka 2005 serikali yao ilianzisha kampeni ya kiangazi: tai na koti viwekwe kando, viyoyozi visishushwe chini ya nyuzi 28. Uchumi wao haukuanguka kwa kukosa tai. Kwetu tunafanya kinyume. Tunalazimisha koti, kisha tunawasha kiyoyozi hadi watu wavae koti kwa baridi. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi walionyesha kwamba viwango vya joto vya maofisi vilipangwa kwa kipimo cha miaka ya 1960 kilichomfuata mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Mwanamke aliyelowa jasho la Feri akiketi chini ya kiyoyozi hicho, saa nne anapiga chafya. Naijua ofisi ambayo wanawake huweka leso kwenye droo wajifunike miguu.

Msimamizi akitaka watu nadhifu, aandike "nadhifu" na aeleze maana yake: mabega yamefunikwa, nguo imepigwa pasi, haikubani. Aache kutaja koti. Au walau akubali livaliwe baada ya kufika. Binti yetu sasa huvuka na blauzi na sketi, koti limekunjwa ndani ya mfuko wa nguo alioshonewa na fundi kwa mabaki, na hulivaa chooni baada ya kunawa uso na kukaa dakika tano mbele ya feni. Siku ya kwanza kwenda nalo, msimamizi hakusema neno. Wiki iliyofuata karani mwenzake akamwomba namba ya fundi.

Miezi mitatu ya majaribio inaisha mwezi ujao. Ile suti nyeusi bado ina deni la chama. Tumeisafisha, tumempa binamu yake anayesoma Limuru. Amepiga simu kusema inamfaa sana kwa ile baridi.