Sura ya Sita: Bolti Moja, Miaka 20

Kigoma ni mwisho wa reli. Njia iliyoanzia Dar es Salaam ilifika hapa Februari 1914, ikiwa imekata nchi kwa kiasi cha kilometa 1,250, na tangu hapo mji huu umeishi kwa kutegemea vitu virefu na vyembamba: reli, nyaya, mabomba. Mizigo inayovuka ziwa kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie hushushwa bandarini kutoka kwenye mabehewa. Maji ya Mwanga na Ujiji husukumwa na pampu kutoka Ziwa Tanganyika, na pampu haziendi bila umeme. Likitokea la kutokea katika pori la Nguruka, kwenye njia ya kutoka Tabora, wanaoumia ni watu walio mbali kabisa na Nguruka.

Mitambo ya namna hii ndiyo sheria inayoihofia kuliko yote. Benki ina kuta na mlinzi. Reli ya kutoka Tabora hadi Kigoma ina zaidi ya kilometa 400 za nyika, mabwawa na misitu, na hakuna jeshi la polisi linaloweza kuweka askari kila hatua. Mataruma mengi ya reli ya kati ni ya chuma, na chuma kina mnunuzi. Transfoma iliyo juu ya nguzo ina mafuta na nyaya za kopa, navyo vina mnunuzi. Askari asipoweza kusimama mahali, Bunge husimamisha adhabu nzito badala yake.

Ngazi za adhabu

Mtanzania aliyeharibu mtambo wa umma anaweza kukutwa na sheria zaidi ya moja. Ngazi ya chini ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Humo, kuharibu mali kwa makusudi ni kosa lenye kifungo kisichozidi miaka 7, ingawa kuchoma jengo kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha. Kando yake zipo sheria za sekta, kila moja ikiwa na makosa yake: Sheria ya Umeme ya 2008, Sheria ya Reli ya 2017, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019.

Ngazi ya juu kabisa ni Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970. Hiyo inamlenga mtu anayeharibu au kukwamisha huduma za lazima, kama umeme na usafiri, kwa nia ya kuidhuru Jamhuri. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Katikati ipo Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Hii ndiyo inayotajwa kila mara kwenye habari za mahakamani, na ina historia yake. Mwaka 1983, maduka yakiwa matupu, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walanguzi na wafichaji wa bidhaa. Bunge likapitisha sheria maalumu na kuunda baraza la kusikiliza kesi hizo nje ya mahakama za kawaida. Washtakiwa hawakuruhusiwa dhamana wala wakili. Lawama zilikuwa nyingi, na mwaka 1984 sheria hiyo ikafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na hii tuliyonayo, iliyorudisha kesi mikononi mwa Mahakama Kuu. Kwa muda mrefu adhabu yake haikuzidi miaka 15. Marekebisho ya 2016 yalianzisha divisheni maalumu ya Mahakama Kuu na kuipandisha adhabu: isipungue miaka 20, isizidi 30.

Neno la kuzingatia hapo ni "isipungue". Sheria ya kawaida humwekea hakimu dari, naye anashuka chini yake kadiri anavyoona haki. Sheria hii imemwekea sakafu pia.

Karatasi inayoamua

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana amekamatwa karibu na Uvinza akiwa na mataruma mawili juu ya baiskeli. Akishtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu, atasomewa shitaka, atajibu ndiyo au hapana, na kesi itaanza. Lakini mwendesha mashtaka anaweza kuchagua shitaka la kuisababishia mamlaka ya umma hasara, ambalo limo katika jedwali la makosa ya uhujumu uchumi. Hapo kijana ataambiwa maneno yanayofahamika kwa kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama: hutakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hii haina mamlaka. Bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, kesi haiwezi kusikilizwa. Mkurugenzi huyo anaweza pia kuwasilisha hati ya kuzuia dhamana. Upelelezi haujakamilika, shauri linaahirishwa, na mshtakiwa anarudi mahabusu.

Mataruma ni yale yale, na kijana ni yule yule. Kilichobadilika ni hati ya mashtaka. Kwa maneno mengine, uzito wa adhabu umetoka kwa hakimu, anayetoa sababu zake hadharani, ukahamia ofisini kwa mwendesha mashtaka. Kifungu hicho cha hasara ni kipana mno: kinamgusa anayeharibu kwa makusudi na hata ofisa aliyezembea tu. Mharibifu wa njia kuu ya nchi, mwizi wa njaa na karani mzembe wote wanaweza kusimama kizimbani kwa kifungu kimoja.

Je, vitisho vinafanya kazi?

Mwaka 1764 Mwitaliano Cesare Beccaria aliandika kwamba kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa adhabu. Anayeng'oa bolti usiku hafanyi hesabu ya miaka 20 dhidi ya 7. Anapima kama ataonekana, na kama kesho atapata wa kumuuzia.

Majirani zetu wamejaribu njia mbili. Uganda, katika marekebisho ya Sheria ya Umeme ya 2022, ilipandisha adhabu ya uharibifu wa mitambo hadi kifungo cha miaka 15 au faini ya shilingi bilioni 1 za huko. Kenya, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani Januari 2022, ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu, kisha ikairuhusu tena baada ya miezi michache. Uganda ilimtazama zaidi mwenye spana, Kenya ikamtazama mwenye mizani. Sheria yetu inaweza kumfikia mnunuzi pia: kupokea mali ya wizi ni kosa, na biashara ya vyuma chakavu inahitaji kibali chini ya kanuni za taka hatarishi. Ila kibali kisichokaguliwa ni karatasi tu.

Jambo hili litazidi kuwa zito. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, na reli hiyo inakuja na nyaya zake za umeme juu ya nyika ile ile.

Basi adhabu kali ina mahali pake: kwa anayeweka maisha ya abiria hatarini, na kwa mtandao unaovuna chuma cha umma kwa malori. Kwa makosa madogo, Bunge lingetenganisha ngazi kwa maandishi, hakimu akaachiwa uamuzi wake. Nguvu iliyobaki ielekezwe kwenye mizani ya vyuma chakavu: kila mzigo uandikwe, kila muuzaji ajulikane, na taruma lolote likikutwa kwenye yadi, mwenye yadi awe wa kwanza kujieleza.