Adui Asiyeoza Majini

Ndugu askari, tumefundishwa kumtambua adui kwa nyayo zake. Lakini yuko adui asiyeacha nyayo: madini yenye sumu yaingiapo majini.

Tutazame Kilembe, wilayani Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Uchimbaji wa shaba ulianza huko mwaka 1956, na mgodi ukafungwa mwaka 1982. Wachimbaji waliondoka, bali mabaki ya mawe yaliyosagwa yalisalia kando ya mto Nyamwamba. Mabaki hayo yana salfa. Yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali, nayo huyeyusha shaba na kobalti. Mto huo, uliofurika vibaya mwaka 2013 na tena 2020, huelekea Ziwa George.

Samaki huvuta pumzi kwa matamvua. Shaba ikizidi, matamvua huharibika, chumvi ya mwilini humpungukia, naye hufa hali maji yangali yakionekana safi. Vijidudu vya majini, ambavyo ni chakula chake, huweza kutangulia kufa. Mzoga huoza ukatoweka. Shaba haiozi, hulala katika matope.

Ziwa George nalo humimina maji yake katika Ziwa Edward kwa mfereji wa Kazinga, na Ziwa Edward ni letu pamoja na jirani zetu wa Kongo. Sumu haisimami kizuizini kuonyesha kitambulisho.

Basi tulindapo mpaka, tulinde na maji. Betri kuukuu ya gari ina madini ya risasi: isitupwe mtoni. Kambi iliyofagiwa vizuri, ikiwa mto wake una sumu, haijawa safi.